Chumvi ya Bibi na Dagaa wa Babu Mdogo



Mwezi uliopita mtoto wa marehemu kaka yangu alinijia nyumbani hapa Maskati, akaweka mezani chupa ya maji mazito yenye rangi ya chai hafifu. "Ami," akaniambia, "haya ni madini ya bahari. Maji ya bahari yamekaushwa na jua mpaka yakabaki haya. Muuzaji anasema ukiyachanganya na maji ya kumwagilia, mti hupata kila madini aliyoyaumba Mwenyezi Mungu, na mitende yetu ya Batina itarudi kuzaa kama zamani. Pipa zima nimekwisha kuliagizia. Lakini kabla sijalitia shambani nataka nijue: wazee wetu walikuwa wakifanya hivi?"

Sikumjibu siku ile. Nilimwambia aniachie chupa, na anipe siku chache. Swali lake halikuwa dogo. Katika ukoo wetu walikuwapo watu wawili walioilisha ardhi kwa vitu vya baharini, mmoja Unguja na mmoja Oman, na nusu ya ukoo ikamcheka mmoja wao. Nami nilikuwa miongoni mwa waliocheka. Haya ninayoyaandika ndiyo jibu langu kwake, na ni haki ya kila mwenye damu yetu kuyasoma.

Nianze na Unguja. Kama mjuavyo, babu yetu alitoka Batina akiwa kijana, akapanda jahazi wakati wa kaskazi, akateremka Unguja, asirudi tena. Aliacha nyuma ndugu yake mdogo, ambaye sisi sote twamwita Babu Mdogo, pamoja na mitende na kisima. Unguja alioa, akanunua shamba la minazi na mikarafuu michache, na humo ndimo tulimozaliwa. Shamba lilikuwa katikati ya kisiwa, mbali kidogo na ufuo. Babu ndiye aliyekuwa na hati, lakini aliyelijua shamba ni Bibi.

Nilimwona Bibi akisimamia upandaji wa minazi mara nyingi nilipokuwa mtoto. Shimo likisha kuchimbwa, hakuruhusu mche utiwe mpaka yeye mwenyewe afike na kikapu chake. Ndani ya kikapu mlikuwa na jivu la jikoni na chumvi ya mawe, ile ya mashamba ya chumvi ya pwani, yenye rangi ya kijivu na bado ina mchanga. Alitia jivu, akatia chumvi kiasi cha viganja viwili, akafunika kwa udongo kidogo, ndipo akasema, "Haya, mkalisheni." Siku moja nikamuuliza kwa nini anatupa chumvi ardhini. Akanijibu, "Mnazi ni mtoto wa pwani. Ukimtoa pwani, mpe ziwa lake."

Tulipokwenda skuli tukafundishwa kwamba chumvi huua mimea, nasi tukaiweka chumvi ya Bibi katika fungu moja na hirizi na mafusho. Tulimheshimu, lakini hatukumsadiki. Ilinichukua zaidi ya miaka 40 kujua kwamba aliyekosea si yeye.

Mwaka 1954 wataalamu wa Chuo Kikuu cha California, katika mji wa Berkeley, walithibitisha kwamba klorini ni kirutubisho ambacho mmea hauwezi kuishi bila yake. Waliotesha minyanya katika maji yaliyosafishwa mno, na ile iliyonyimwa klorini ikanyauka na kudhoofu. Kwa mimea mingi kiasi kinachohitajika ni kidogo sana, na mvua na vumbi hutosha kukileta. Mnazi ni tofauti: hutaka nyingi. Klorini, ambayo katika udongo huwa katika hali ya kloridi, huusaidia mnazi kufungua na kufunga vitundu vidogo vya majani ambavyo maji hutokea, na kwa hiyo huusaidia kustahimili ukame. Kuanzia miaka ya 1970 watafiti wa Ufilipino waliona kwamba minazi iliyopandwa bara, mahali ambapo upepo wa bahari haufiki, ilikuwa na upungufu wa kloridi, na kwamba dawa rahisi kupita zote ilikuwa chumvi ya kawaida. Huko leo mkulima hushauriwa kuupa mnazi mkubwa kiasi cha kilo moja na nusu hadi 2 za chumvi kwa mwaka. Kerala, kwenye pwani ya kusini-magharibi ya India, wakulima wametia chumvi na jivu katika mashimo ya minazi tangu zamani, kama alivyofanya Bibi. Jivu nalo lilikuwa na kazi yake, kwani jivu la kuni lina potasiamu, nao mnazi ni mlaji mkubwa wa potasiamu.

Basi Bibi alikuwa akiupa mnazi madini yaliyokusanywa kutoka maji ya bahari, kwa njia kongwe kuliko zote: jua, upepo, na bwawa la kina kifupi. Tofauti baina yake na muuzaji wa chupa ni kwamba yeye alijua anampa nani, wapi, na kiasi gani. Hakuwahi kutia chumvi kwenye mkarafuu, wala mchungwa, wala bustani ya mchicha. Na alikuwa Unguja, kisiwa kinachopata zaidi ya milimita 1,500 za mvua kwa mwaka. Chumvi iliyozidi haja ya mnazi ilichukuliwa na masika, ikarudi ilikotoka.

Sasa tuvuke bahari, twende Batina.

Baada ya Mapinduzi ya 1964 jamaa zetu walitawanyika. Wako waliokwenda Dubai, wako waliokwenda Uingereza, na sisi wa nyumba yetu tulifika Oman miaka ya mwanzo ya 1970, mlango ulipofunguliwa kwa waliotoka Afrika Mashariki. Tulimkuta Babu Mdogo hai, mzee mwenye macho makali na maneno machache. Kiarabu chetu kilimchekesha, na shamba lake lilitutisha kwa harufu.

Harufu ile ilikuwa ya samaki. Kila mwaka, sardini walipojaa, wavuvi wa ufuo wa Batina waliwavuta kwa nyavu kubwa kwa maelfu kwa maelfu, wakawatandaza mchangani kama tunavyoanika karafuu kwenye majamvi. Samaki hao, ambao katika Kiarabu cha pwani huitwa uma, na ambao sisi tuliwaita dagaa kwa mazoea yetu, walikauka kwa jua bila kutiwa chumvi. Waliokuwa wazuri waliliwa na watu, wengine wakapewa ng'ombe, mbuzi na ngamia, na waliobaki wakapelekwa mashambani. Babu Mdogo alichimba mfereji kuzunguka shina la mtende, akawamwaga humo, akawafukia, kisha akaufungulia maji.

Desturi ya kuwalisha wanyama samaki hawa ni ya kale. Ibn Battuta, msafiri wa Morocco aliyepita Dhofari katika karne ya 14, alistaajabu kuona kwamba chakula cha mifugo ya huko ni sardini, akasema hajaona jambo hilo mahali pengine. Alichokistaajabia yeye sisi tulikionea haya. Tulikuwa vijana wa mjini, tumetoka katika kisiwa kinachonukia karafuu. Tuliziba pua. Mmoja wetu, nami simtaji kwa sababu ninamjua vizuri mno, alimwambia mzee yule mbele ya wageni kwamba mbolea ya siku hizi huja katika magunia, haina harufu wala nzi. Babu Mdogo hakukasirika. Alisema tu, "Mtende wangu haujui kusoma gunia."

Hapa naomba wasomaji wangu wanivumilie kidogo kwa hesabu, kwa kuwa ndani ya hesabu hii limo jibu la kijana wetu.

Lita moja ya maji ya bahari ina takriban gramu 35 za chumvi za aina mbalimbali. Kloridi peke yake ni kama gramu 19, na sodiamu ni karibu gramu 11. Hizo mbili zikiungana ndizo chumvi yetu ya jikoni. Zinafuata salfeti, gramu 2.7, magnesiamu, gramu 1.3, kisha kalsiamu na potasiamu, kama gramu 0.4 kila moja. Baada ya hapo ni chembechembe: madini mengine mengi yamo kweli, lakini kwa kiasi kidogo mno. Muuzaji hasemi uongo anaposema kwamba kila kitu kimo baharini. Swali ni kimo kwa kiasi gani, na kimefuatana na nini.

Mwenye kuanika maji ya bahari huona mpangilio usiobadilika. Kwanza hutulia chokaa, kisha jasi. Maji yakipungua mpaka kubaki kiasi cha sehemu moja ya kumi, chumvi ya kula huanza kuganda. Ikisha kuzolewa, hubaki maji mazito machungu yenye magnesiamu kwa wingi, na potasiamu iliyobaki. Wajapani huyaita maji hayo nigari, na huyatumia kugandishia tofu. Chupa iliyokuwa mezani kwangu, kwa maelezo ya kibandiko chake, haikuwa mbali na hayo. Magnesiamu si kitu cha kudharauliwa, kwani ndiyo iliyo katikati ya ile rangi ya kijani ya jani, na katika ardhi iliyooshwa sana na mvua huweza kupungua. Lakini mti unahitaji zaidi nitrojeni, fosforasi na potasiamu. Ukitaka kilo moja ya potasiamu kwa kukausha maji ya bahari, utahitaji lita 2,500, na pamoja na kilo hiyo moja utapata kilo 86 na nusu za chumvi nyingine, zikiwamo kilo 27 hivi za sodiamu, ambayo mtende hauitaki. Ukitaka kilo moja ya fosforasi, utahitaji zaidi ya lita milioni 10. Hakuna bwawa la chumvi litakalokupa hiyo.

Lakini samaki anaipata. Hili ndilo lililonifanya niwe na heshima mpya kwa harufu ile.

Sisi sote tumelelewa na hadithi za pepo mbili: kaskazi iliyowapeleka wazee Unguja, na kusi iliyowarudisha. Tulidhani kazi ya pepo hizo ni kusukuma majahazi. Kumbe kusi inapovuma kando ya pwani ya Dhofari na Sharqiya, huyasukuma maji ya juu mbali na nchi kavu, na maji baridi ya kina yakapanda kushika nafasi yake. Maji hayo ya kina yamebeba nitrojeni na fosforasi iliyokusanyika kutokana na viumbe waliokufa na kuzama. Na kaskazi nayo, kwa ubaridi wake, huyapoza maji ya juu ya upande wa kaskazini wa bahari hii mpaka yakazama na kuchanganyika na ya chini. Mimea midogo ya baharini isiyoonekana kwa macho hula rutuba hiyo, wadudu wadogo wa maji huila mimea, sardini huwala wote. Hatua kwa hatua kile kilichokuwa kimetawanyika katika mamilioni ya lita hukusanywa ndani ya mwili wa samaki urefu wa kiganja. Nyama yake ni protini, na takriban asilimia 16 ya protini ni nitrojeni. Mifupa yake ni fosforasi na kalsiamu. Na chumvi? Samaki wa baharini huisukuma nje ya mwili wake kwa mashavu yake, maisha yake yote.

Tazameni basi jinsi Babu Mdogo alivyokuwa amefika. Yeye pia alitumia madini yaliyokusanywa kutoka maji ya bahari. Ila mkusanyaji wake alikuwa kiumbe hai, ambaye huchukua kinachohitajiwa na uhai na kuacha chumvi baharini. Jua linapokausha maji halichagui hivyo.

Kanuni hii ameifuata kila mkulima wa pwani aliyefaulu. Jamaa zetu walioko Uingereza wakipata nafasi ya kutembelea kisiwa cha Jersey wataambiwa habari za mwani uliotandazwa mashambani kwa karne nyingi. Wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza, potasiamu ya Ujerumani ilipokosekana, Wamarekani waliivuna kutoka katika mwani mkubwa wa pwani ya California, kwa ajili ya mbolea na baruti, kwa kuwa mwani huikusanya potasiamu kuliko maji yanayouzunguka. Kila mara ni yale yale: maji ya bahari yamepita kwanza katika kitu chenye uhai.

Sitaki nionekane nimewadhulumu wanaoamini njia ile nyingine. Daktari mmoja wa Marekani, Maynard Murray, alianza mwaka 1938 kufanya majaribio ya kutia chumvi kamili za bahari katika mashamba, akaendelea kwa miongo kadhaa, na mwaka 1976 akatoa kitabu juu ya kilimo cha nguvu za bahari. Wengi wanaouza chupa na mapipa leo hulitaja jina lake. Hoja yake kwamba udongo uliolimwa sana hupungukiwa na madini madogo madogo si ya kuchekwa. Upungufu wa zinki, boroni au manganizi ni ugonjwa halisi wa mashamba, na tiba yake ni kuvirudisha. Lakini ardhi inayooshwa na mvua kila mwaka si ardhi ya Batina, ambako mvua ni kama milimita 100 kwa mwaka, na ambako kinachotiwa ardhini hukaa ardhini.

Na sasa nafika pale ambapo kalamu inakuwa nzito.

Kijana wetu anasema anataka mitende izae "kama zamani". Nani aliyeiondoa hiyo zamani? Babu Mdogo alipokuwa akiendesha shamba, maji yalivutwa na ng'ombe. Kiriba cha ngozi kilishuka kisimani na kupanda kwa kamba na gurudumu la mbao lililolia tangu alfajiri, na ng'ombe akachoka, na ng'ombe alipochoka kisima nacho kikapumzika. Sisi ndio tuliotoka Unguja tukasema mambo hayo ni ya kijima. Tulikuwa na mishahara ya serikali. Tukakusanya fedha, tukanunua pampu ya dizeli, tukamletea mzee kama zawadi. Nakumbuka siku ilipowashwa. Maji yalitoka kama mkono wa mtu kwa unene, watoto wakaoga, tukachinja mbuzi. Babu Mdogo alisimama pembeni, akauliza swali moja: "Na hii, huchoka lini?"

Haikuchoka. Tukaongeza majani ya mifugo, tukaongeza ndimu, tukaongeza pampu ya pili. Jirani akafanya vile vile, na jirani wa jirani, katika uwanda wote wa Batina. Chini ya ardhi ya pwani, maji matamu hukaa juu ya maji ya bahari kama mafuta yanavyokaa juu ya maji, kwa kuwa ni mepesi zaidi. Badon Ghijben na Herzberg walieleza kanuni ya jambo hilo miaka mia na zaidi iliyopita: kwa kila mita moja ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari, kuna takriban mita 40 za maji matamu chini ya usawa huo. Maana yake ni kwamba ukiyashusha maji ya kisima kwa mita moja tu, hatimaye bahari hupanda kutoka chini kwa mita 40. Hatukujua. Tuliona maji yakitoka, tukadhani yapo.

Serikali iliona hatari mapema. Mwaka 1985 bwawa la Al Khoud lilikamilika, likiwa la kuyazuia maji ya mafuriko ili yapate kunywewa na ardhi, na mwaka 1988 maji yalitangazwa kwa amri ya kifalme kuwa mali ya taifa, na uchimbaji wa visima ukawekewa masharti. Lakini kwa shamba letu, lililo karibu na ufuo, mambo yalikuwa yamekwisha kuanza. Ndimu ndizo zilizotangulia. Sehemu ziliuawa na ule ugonjwa unaoyafanya matawi yachipue kama ufagio, ulioteketeza ndimu nyingi za Batina, nasi tukapata wa kumlaumu. Lakini hata zile ambazo hazikupata ugonjwa majani yake yaliungua kingo, na chumvi ikaonekana asubuhi juu ya udongo, nyeupe kama unga uliomwagika. Mtende ni mstahimilivu kuliko karibu kila mti wa matunda, kwa hiyo ulibaki. Ulibaki, ukipunguza tende mwaka baada ya mwaka, bila kulalamika, kama mzee aliyeupanda.

Babu Mdogo alifariki kabla hayajafika kilele, Mola amrehemu. Tuliacha kununua sardini mwaka uliofuata.

Nilipompa kijana wetu miadi, nilimwambia alete pia chupa ya pili, yenye maji ya kisima chetu. Tukaipeleka ikapimwe. Majibu yalipokuja tuliyasoma pamoja mezani, na mpangilio wake ulikuwa ule ule niliouandika hapo juu: kloridi kwanza, sodiamu ya pili, kisha salfeti na magnesiamu. Akatazama karatasi, akatazama kibandiko cha chupa ya muuzaji, akanyamaza. Kisha akasema polepole, "Ami, haya tunayo tayari."

Ndiyo, mwanangu. Tunayo tayari. Bahari imekwisha kuyaleta madini yake shambani kwetu, kwa njia ya chini, kwa mwaliko wetu wenyewe. Kuongeza pipa juu yake ni kama kumpa mtu aliyevimba miguu sahani ya samaki wa chumvi.

Basi jibu la swali lako ni hili. Wazee walifanya, na hawakufanya. Bibi alitia chumvi, lakini kwa mnazi peke yake, kiasi cha viganja viwili, katika nchi ya mvua. Babu Mdogo alitia bahari nzima, lakini alisubiri kwanza samaki aichuje. Wote wawili walijua kile ambacho kibandiko hakikisemi, kwamba kitu hakiwi chakula kwa sababu ya kutoka kwake, bali kwa sababu ya anayekila na mahali alipo. Aliyeelewa hilo hahitaji kusoma gunia, wala chupa.

Pipa halikuchukuliwa, muuzaji amebaki na malipo ya awali, na tumeyahesabu kuwa ada ya somo. Tumeizima pampu ya pili. Ile ya kwanza tumeiwekea saa, ili nayo ipate kuchoka. Ndimu hatutapanda tena, wala majani ya mifugo. Tumebakisha mitende, na idadi yake tumeipunguza ili maji machache matamu yaliyopo yaitoshe na kuisukuma chumvi chini ya mizizi. Wataalamu wametuambia kwamba kisima kilichoingiwa na bahari huchukua miaka mingi kurudi, na pengine kisirudi katika umri wangu. Nimelipokea.

Wiki iliyopita tulikwenda ufukweni asubuhi, mimi na yeye, tukanunua sardini waliokaushwa, magunia manne. Gari lake lilinuka njia nzima mpaka akafungua madirisha yote. Tulichimba mfereji kuzunguka mtende mkongwe kuliko yote, ule ambao twaambiwa ulipandwa mwaka ambao Babu alipanda jahazi. Nilipoinama kumwaga wale samaki nikagundua kwamba sikuziba pua.

Nawaomba jamaa walioko Unguja wanitumie habari za minazi ya Bibi, kama imesalia hata mmoja, na wanieleze kama majani yake ya chini yako kijani au yamepiga manjano. Na kila mmoja wenu, popote alipo, aliyemwona mzee wake akitia kitu cha baharini shambani, awe ni chumvi, jivu la mwani, makombe au samaki, aandike alichokiona na mahali alipokiona kabla hakijasahauliwa. Tulicheka mapema mno. Mwenyezi Mungu awarehemu waliotangulia, na atusamehe sisi tuliopokea.

Wabillahi taufiki.